Na Mwandishi Wetu

Samahanini kwa ukimya wa wiki mbili hizi. Nilikuwa nasoma. Na leo naandika kirefu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na bosi anakuchungulia, funga, urudi jioni.

Mambo yalianza Jumamosi nilipokwenda Mbagala kumjulia hali rafiki yangu mpiga picha. Tumezunguka naye jiji hili miaka minne, yeye na kamera, mimi na kijitabu. Nilimkuta amejilaza kwenye kochi, mguu wa kulia umefungwa hogo. Alianguka na bodaboda akiwahi mkutano wa waziri, kazi aliyopangiwa na mhariri saa mbili asubuhi ile ile. Kamera ya ofisi ilikuwa begani, akaikumbatia wakati wa kuanguka. Kamera haina hata mkwaruzo.

Siku ya sita akapokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa watu wa utumishi. Pole kwa ajali. Ila kwa mujibu wa mkataba, wewe si mfanyakazi wa kampuni, ni mtoa huduma wa kujitegemea, hivyo matibabu ni juu yako. Na kwa kuwa kwa sasa huwezi kutoa huduma, mkataba wetu umefikia mwisho. Tunakutakia nafuu ya haraka.

"Kaka, hivi sisi ni akina nani pale?" akaniuliza. Nikacheka, maana sikuwa na jibu. Akaniambia, "Usicheke. Wewe si ndiye unayejifanya msomaji? Kasome uje uniambie."

Swali lake ni langu pia. Mimi nalipwa kwa stori. Mwisho wa mwezi nakata vipande vya gazeti, nabandika kwenye karatasi, nampelekea mhasibu, naye anahesabu kama mwenye duka anayehesabu soda zilizouzwa. Anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile wanayokatwa watoa huduma. NSSF sina. Likizo naisikia kwa wenzangu. Lakini stori ikiwa nyeti na mhariri hataki jina langu litokee, anaweka juu yake maneno mnayoyajua nyote: Na Mwandishi Wetu. Kwenye ukurasa wa kwanza mimi ni wao. Kwa mhasibu mimi ni wa kwangu mwenyewe.

Basi nikasoma. Nilidhani nitakuta mzozo wa juzijuzi tu, wa Uber na wenzake. Kumbe ni mzozo wa zamani mno, na nilichokikuta mwanzoni kilinishangaza: zamani mfanyakazi ndiye aliyekuwa akikana kuwa ni mfanyakazi.

Uingereza, sheria ya 1823 ya mabwana na watumishi ilimpa hakimu uwezo wa kumfunga mtumishi hadi miezi mitatu na kazi ngumu kwa kosa la kuacha kazi kabla ya muda. Bwana akivunja mkataba, hilo lilikuwa deni tu la kudaiwa. Mtumishi akiuvunja, jela. Sasa ndugu msomaji, katika hali hiyo wewe ungependa kuitwa nani? Mwaka 1829 mfumaji mmoja wa hariri aitwaye Hardy, aliyekuwa amefungwa kwa sheria hiyo, alimshitaki hakimu aliyemfunga. Hoja ilikuwa kwamba yeye alipatana kufuma vitambaa kadhaa kwa bei kadhaa, basi. Hakuwa mtumishi wa mtu. Mahakama ya juu ilikubali kwamba makubaliano ya namna hiyo hayamfanyi mtu kuwa mtumishi, na kwa hiyo hakimu hakuwa na mamlaka juu yake. Kujitegemea kulimwokoa mtu na pingu.

Huku kwetu pingu zilikuja baadaye kidogo. Serikali ya Waingereza Tanganyika ilitunga sheria yake ya mabwana na watumishi wenyeji mwaka 1923, na ndani yake kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai. Waingereza kwao walikuwa wameshaifuta adhabu ya jela ya namna hiyo tangu 1875. Yaani walichokiona hakifai nyumbani walikipakia melini. Kwenye mashamba ya mkonge mfanyakazi alipewa kadi iitwayo kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Siku asiyofanya kazi haikuandikwa.

Na kabla ya kipande kulikuwa na kibarua. Neno hili tunalitumia kila siku bila kulitazama. Ni barua ndogo. Unguja ya karne ya 19 wenye watumwa waliwakodisha kwa siku kwa wafanyabiashara wa mjini, wakabebe mizigo, wakachambue karafuu au sandarusi. Mtu alipewa kikaratasi cha kuonyesha kuwa amefanya kazi, akakirudisha wakati wa malipo, na sehemu ya ujira ule ilikwenda kwa bwana wake. Baadaye jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Nimelifikiria sana hili, maana nami nikipeleka vile vipande vyangu vya gazeti kwa mhasibu, sijui tofauti iko wapi. (Sawa, najua iko wapi. Mimi naweza kuacha kesho. Lakini mnanielewa.)

Turudi Uingereza, maana sheria zetu nyingi zilipita huko. Kilichogeuza meza ni haya mambo ya fidia na bima. Mwaka 1897 bunge lao lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi: ukiumia kazini kwenye reli, kiwanda au mgodi, mwajiri anakulipa hata kama hakuna uzembe wake. Baadaye ikaja bima ya taifa, yenye michango ya mwajiri. Tangu hapo aliyeitwa mtumishi alikuwa na kitu mkononi, na sasa bwana ndiye aliyeanza kutafuta maneno. Mtumishi? Hapana mheshimiwa, huyu ni mtu wa kujitegemea, tunapatana naye tu. Maneno ya mfumaji wa hariri yakahamia kinywani mwa tajiri.

Majaji wakalazimika kutafuta kipimo. Kipimo maarufu zaidi, na hapa nilicheka mwenyewe, kilitoka kwenye kesi ya kodi ya nyumba. Ni Yewens dhidi ya Noakes, 1880. Kulikuwa na msamaha wa kodi kwa jengo la biashara ambalo anayelala humo ni mtumishi tu, na ubishi ukawa iwapo karani anayelipwa pauni 150 kwa mwaka ni mtumishi. Jaji Bramwell akasema mtumishi ni yule anayeamriwa na bwana wake hata namna ya kuifanya kazi yenyewe. Karani hakupita. Lakini ule msemo wake wa kupita tu ulitawala mahakama kwa miongo mingi.

Kipimo hicho kinafaa kwa mtu anayepalilia. Kwa mwenye ujuzi wake kinakwama. Mhariri ananipangia kazi, saa ya kuwasilisha na urefu wa maneno. Haniambii namna ya kumbana mkuu wa wilaya mpaka aseme. Je, kwa kuwa haniamrii hilo, mimi najitegemea? Daktari wa upasuaji je? Nahodha?

Mwaka 1952 Jaji Denning alijaribu njia nyingine, na ndiyo iliyoniamsha usiku. Kesi yenyewe ilihusu haki miliki ya kitabu cha mtaalamu wa uendeshaji biashara. Denning alisema tazama kama kazi ya mtu ni sehemu ya mwili wa biashara ile, au ni kitu cha pembeni kinachoisaidia tu. Katika mifano yake akaweka dereva wa mtu upande mmoja na dereva wa teksi upande wa pili. Kisha akaweka mwandishi aliyeko kwenye timu ya gazeti upande wa waajiriwa, na mtu anayelichangia gazeti makala upande wa wanaojitegemea.

Haya. Mimi niko upande gani? Naingia kikao cha asubuhi kila siku saa tatu. Nina kitambulisho cha kampuni shingoni. Nikichelewa nasemwa. Lakini nalipwa kama mchangiaji wa makala. Denning hakumfikiria mtu mwenye mguu huku na mguu kule, au pengine siku zile hakuwepo.

Lakini nikakuta kwamba si waandishi tu. Wauza magazeti nao walishafikishwa mahakamani kwa swali hili hili, tena mahakama kubwa kuliko zote Marekani.

Kwanza mnajua kisa cha New York cha 1899? Watoto waliouza magazeti mitaani walinunua kwa senti 50 kila nakala 100, wakauza kwa senti moja moja. Wakati wa vita na Hispania mwaka mmoja kabla, bei ya kununulia ilipandishwa hadi senti 60. Vita vikaisha, mauzo yakashuka, magazeti mengine yakarudisha bei ya zamani, isipokuwa ya Pulitzer na ya Hearst. Watoto wakagoma Julai 1899, karibu wiki mbili. Bei haikushushwa, ila matajiri walikubali kununua tena nakala zisizouzwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kabla ya hapo gazeti lililobaki lilimfia mtoto mkononi. Walikuwa wafanyabiashara huru kabisa, uhuru wa kubeba hasara.

Sasa nenda mbele, Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kampuni hizo hizo za Hearst pamoja na magazeti mengine mawili ya mji ule yalikuwa na wauzaji wa mitaani. Waliitwa "vijana wa magazeti", lakini wengi walikuwa watu wazima, wengine wenye familia, waliosimama kona ile ile miaka na miaka. Walipounda chama na kutaka kujadiliana, kampuni zilikataa. Hoja: hawa si wafanyakazi wetu, ni wafanyabiashara wanaonunua bidhaa na kuiuza.

Ukisoma maelezo ya kazi yenyewe unashangaa biashara gani hiyo. Bei ya kununulia imepangwa na kampuni. Bei ya kuuzia imepangwa na kampuni. Kwa hiyo faida kwa nakala imeshapangwa. Idadi ya nakala, kona ya kusimama na saa ya kufika, msimamizi wa eneo ana sauti. Vibao, masanduku na aproni za chenji zinatoka kampuni. Mfanyabiashara huyu "huru" alibakiwa na uhuru wa kupiga kelele.

Tarehe 24 Aprili 1944 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Rutledge na kupingwa na jaji mmoja tu, Roberts, ilisema bodi ya mahusiano ya kazi ilikuwa sahihi: hawa ni wafanyakazi kwa maana ya sheria ile. Kwamba usiangalie tu vipimo vya zamani vya nani alipie ajali ya nani, angalia hali halisi ya uchumi kati ya hawa watu, na angalia sheria ilitungwa kutibu ugonjwa gani. Nilipofika hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Nilipaswa kuendelea kusoma kabla ya kushangilia. Mwaka 1947 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, likapindua hata kura ya turufu ya Rais Truman, na ndani yake likaandika wazi kwamba "mfanyakazi" hamjumuishi mkandarasi wa kujitegemea. Na kesi ya wauza magazeti ilitajwa kwenye ripoti ya bunge kuhusu muswada huo kama mfano wa bodi na mahakama kuvuka mpaka. Ushindi wao kama hoja ya sheria uliishi miaka mitatu.

Wengine hawakuonja hata hiyo mitatu. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya zege iliwauzia madereva malori kwa mkopo, yakapakwa rangi za kampuni, madereva wakavaa sare za kampuni na kufuata amri za kampuni. Mahakama ikasema hawa wanajitegemea, kwa sababu gari ni la dereva na anaweza kuweka mtu mwingine badala yake. Nilimkumbuka yule kijana wa bodaboda aliyeanguka na rafiki yangu. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, ile ya kupeleka hesabu kila jioni mpaka iwe yako. Yeye alitoka na michubuko, na kesho yake mwenye pikipiki alikuja kuulizia taa. Huyo naye hajui ni nani wa nani.

Ya karibuni nitayapitia upesi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaambia Uber kwamba madereva wao wana haki za wafanyakazi, hata mkataba useme vipi. California walikwenda mbali zaidi, na kuna jambo linalotuhusu sisi wa kalamu. Sheria yao iliyoanza Januari 2020 ilimtaka anayetoa kazi athibitishe kuwa anayemlipa anajitegemea kweli, na kwa waandishi ikaweka kikomo: makala 35 kwa mwaka kwa chombo kimoja, zaidi ya hapo haukuwa na msamaha huo. Nia njema. Lakini Desemba 2019, kabla hata haijaanza, Vox Media ilitangaza kuachana na wachangiaji wapatao 200 wa jimbo hilo. Waandishi wengi wa kujitegemea wakalalamika kwamba wameokolewa mpaka wamekosa kazi, na Septemba 2020 kikomo kile kikaondolewa. Nakiri kisa hiki kimenisumbua. Siku zote nilidhani tatizo ni sheria kutokuwepo.

Kwetu je? Hapa ndipo nilipompigia simu rafiki yangu usiku, akadhani kuna msiba.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani, ikiwa jambo moja au zaidi kati ya haya lipo. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kama ni taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo (Denning huyo, kafika Dar es Salaam). Amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa vifaa vya kazi. Au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Jambo moja linatosha kuuhamishia mzigo upande wa pili. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tunazimaliza wiki ya kwanza.

"Kamera ya nani?" nikamuuliza.

"Ya ofisi. Ina namba ya ofisi."

"Saa nani alikupangia?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilisaini karatasi imeandikwa Mkataba wa Huduma. Kwa herufi kubwa."

Nikamsomea tena pale panaposema bila kujali sura ya mkataba. Akaniomba nimtumie kifungu chenyewe.

Sitaki kumdanganya mtu. Mpaka ithibitishwe vinginevyo maana yake ni kwamba kampuni inaruhusiwa kuthibitisha, na itakuja na wakili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, ni wa wafanyakazi kama jina lake linavyosema, na taarifa ya ajali inatakiwa itoke kwa mwajiri, ambaye hapa anasema yeye si mwajiri. Na malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Tulipohesabu, alikuwa amebakiwa na 11.

Siku zile 11 tumezitumia kutafuta karatasi. Historia yote hii niliyowasimulia inaishia kwenye karatasi: kibarua, kipande, kitambulisho. Tumetoa nakala za ujumbe wa mhariri, "nenda Karimjee saa nne, usichelewe", miezi kumi na minne mfululizo. Fomu za kuchukua na kurudisha kamera. Picha yake kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka akiwa na fulana ya kampuni.

Kilichobaki ni shahidi wa kusema kwamba alihudhuria kikao cha asubuhi kila siku. Waajiriwa wenye mikataba wawili wamesema wana watoto. Siwalaumu. Mimi kwa upande wangu hakuna atakayehitaji kunifukuza. Watanyamaza tu, mhariri ataacha kunipangia kazi, na mwisho wa mwezi sitakuwa na vipande vya kubandika. Mama, ambaye hunipigia kila asubuhi kuuliza kama nimekula, ameniambia nifikirie vizuri.

Nimefikiria Jumatatu na Jumanne. Jana jioni nilikwenda Mbagala kwa daladala na maelezo yangu ya kurasa mbili. Amesoma, amenirudishia ukurasa wa kwanza, akanionyesha kwa kidole kwamba nimesahau kuandika jina. Nikaazima kalamu ya mdogo wake, nikaliandika lote, la kwangu, la baba na la babu.